Ukuta Haukukukosea: Mazungumzo na Vijana Kuhusu Hisia Kali



Ndugu zangu, dada zangu, nashukuru kwa kubaki baada ya Isha. Najua wengine mna kazi alfajiri, na wengine mechi inawasubiri. Sitawachosha. Na wewe unayesoma haya kwenye simu kwa sababu hukuweza kufika, jihesabu umekaa nasi hapa mkekani.

Naanza na mkono wangu wa kulia. Mliokaa mbele mnauona. Nikikunja ngumi, kifundo cha kidole cha mwisho hakionekani, kimezama. Watu huniuliza kama nilianguka na pikipiki. Sikuanguka. Nilipiga ukuta.

Nilikuwa na miaka 24. Narudi kutoka kazini usiku, nimepanda boda boda, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Nikatoa kitambulisho. Askari akakisoma, akalisoma jina langu mara ya pili, kisha akaanza yale maswali ambayo nyinyi hamhitaji niwatajie. Nikajibu yote kwa adabu. Mwishowe akanichapa kofi, mbele ya mwenye boda, kisha ati, "Nenda." Nikaenda. Sikusema neno.

Nikafika nyumbani. Mdogo wangu alikuwa amekula na kuacha sahani sakafuni. Jambo dogo, la kila siku. Nikamfokea. Akanijibu. Nikainua mkono. Alhamdulillahi mkono haukumfikia, lakini ulikuwa umeshatoka, ukaishia ukutani. Nikasikia mfupa ukilia.

Wiki sita nilikuwa na plasta. Mamangu alinilisha wali kwa mkono wake kama mtoto wa chekechea. Kazi ya kubeba mizigo sikuweza, na asiyebeba halipwi. Na mdogo wangu alikaa muda mrefu akiniogopa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mfupa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kofi lile lilikuwa dhulma. Hasira niliyoipata ilikuwa ya haki. Lakini ukuta haukunikosea. Mdogo wangu hakunikosea. Aliyenikosea alimaliza zamu yake akaenda kulala. Bili ya hospitali nililipa mimi. Na nilipopata nafuu, nikataka kupeleka malalamiko, nikagundua sikumbuki nambari iliyokuwa kwenye sare yake, sikumbuki namba ya gari, hata saa yenyewe siikumbuki. Hasira ilikuwa imefuta kila kitu ambacho kingenisaidia kudai haki yangu.

Ndiyo maana niko hapa leo. Sikuja kuwaambia msikasirike. Nimekuja kuzungumza kuhusu unafanya nini na hisia inapokuwa kubwa kuliko wewe.

Nilipotarajia mawaidha

Pale hospitalini muuguzi mmoja alinielekeza kwa mshauri nasaha. Nilikwenda kwa shingo upande. Nilijua ataniambia, "Kijana, punguza hasira." Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hasira yako inaeleweka. Ningekuwa wewe ningekasirika. Sasa, hasira hiyo unataka ikufanyie kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Siku zote nilisikia moja kati ya mawili: ama "acha ujinga, tulia", ama "usikubali, vunja". Yeye aliniambia mambo mawili kwa pamoja: una haki ya kuhisi unavyohisi, na lazima ubadilishe unavyofanya.

Baadaye nikajua kwamba hayo mawili kwa pamoja ndiyo moyo wa tiba inayoitwa DBT, yaani tiba ya tabia ya kidialektiki. Jina zito, lakini maana yake si ngumu. Ni kushika kweli mbili zinazoonekana kupingana bila kuitupa hata moja. Ninajikubali nilivyo leo, na ninataka kubadilika kesho. Ukishika ya kwanza peke yake, utabaki pale pale. Ukishika ya pili peke yake, utajichukia mpaka uchoke.

Mama aliyeijenga tiba hii

Tiba hii ilijengwa na mwanasaikolojia Mmarekani, Marsha Linehan, wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle. Alikuwa akiwahudumia watu ambao madaktari wengi walikuwa wamechoka nao: watu wanaojidhuru, wanaojaribu kujiua, ambao hisia zao hupanda haraka, hupanda juu sana, na huchukua muda mrefu kushuka. Alijaribu kuwafundisha kubadilika tu, wakaona wanalaumiwa, wakaondoka. Akajaribu kuwapokea tu, wakaona hawasaidiwi na maumivu yako pale pale. Ndipo akayaunganisha yote mawili.

Mwaka 1991 alichapisha utafiti wake wa kwanza uliolinganisha tiba hii na huduma za kawaida. Wanawake waliopata DBT walijidhuru mara chache zaidi, na wengi wao walidumu kwenye tiba badala ya kuikimbia. Mwaka 1993 akatoa kitabu cha mwongozo. Utafiti mwingine wa mwaka 2006, wenye wanawake 101, ulionyesha kwamba waliopata tiba hii waliojaribu kujiua walikuwa karibu nusu ya wale waliotibiwa na wataalamu wengine wazoefu.

Lakini kuna jambo ambalo dunia haikulijua mpaka mwaka 2011. Mwaka huo Linehan, akiwa tayari profesa mashuhuri, alirudi katika hospitali moja ya akili huko Hartford, jimbo la Connecticut, akasimama mbele ya watu na kusema: mimi nililazwa hapa. Aliingizwa mwaka 1961 akiwa msichana wa miaka 17, akakaa zaidi ya miaka miwili. Alikuwa akijidhuru. Alifungiwa chumba cha peke yake, na humo alikuwa akigonga kichwa chake ukutani.

Niliposoma habari hiyo niliutazama mkono wangu. Nikasema, kumbe na yeye ukuta anaujua.

Aliweka nadhiri kwamba akitoka kwenye shimo lile atarudi kuwatoa wengine. Na alirudi.

Kwa nini wengine huungua zaidi

Linehan alieleza kwamba mambo mawili hukutana. La kwanza ni maumbile. Kuna mtu amezaliwa na ngozi nyembamba ya hisia. Neno ambalo wewe unalipuuza, yeye linamkaa siku tatu. Si udhaifu wa imani wala deko. Ndivyo alivyoumbwa, kama mwingine alivyoumbwa na pumu.

La pili ni mazingira yasiyompokea. Mtoto analia, anaambiwa, "Nyamaza, hakuna kitu." Kijana anasema ana huzuni, anaambiwa, "Huswali vizuri wewe." Msichana anasema anaogopa, anaambiwa anajifanya. Mwanamume akitokwa na machozi, maskani nzima inamcheka. Mtu huyu hujifunza nini? Hujifunza kwamba akisema polepole hasikiki. Basi siku nyingine anasema kwa kelele, au kwa kisu, au kwa kimya cha kujifungia chumbani wiki nzima. Hapo ndipo watu huja mbio. Bila kujua, tumemfundisha kwamba lazima aungue ndipo tulete maji.

Na sisi, jamii yetu, tuongeze la tatu. Kijana anayesimamishwa kila wiki kwa sababu ya jina lake, anayezungushwa akienda kutafuta kitambulisho, anayeona jirani amepotea na hakuna anayemjibu, huyo naye anaambiwa kila siku kwamba anachohisi si kitu. Halafu tunashangaa akilipuka. Tukitaka haki itendeke, lazima tuanze kwa kupokeana sisi kwa sisi.

Stadi nne

Tiba kamili ina mikutano na mtaalamu kila wiki, darasa la stadi, na uwezo wa kumpigia mtaalamu simu mambo yanapochacha. Kwa kawaida huchukua mwaka mzima. Mimi si daktari, ni mwanafunzi niliyefaidika. Nitawagawia yale mtu anaweza kuanza nayo mwenyewe. Stadi zenyewe ziko katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni kuwepo. Yaani kuwa hapa ulipo, na kuona kinachoendelea ndani yako kabla hujakifuata. Linehan husema tuna akili tatu. Kuna akili ya hisia, ambayo ikishika usukani kila kitu ni moto. Kuna akili ya hesabu, baridi, inayojua mantiki tu na haijali mtu anaumia. Na katikati, pale zinapokutana, kuna akili ya busara. Kila mtu anayo, hata wewe unayejiita kichwa moto. Ni ile sauti ndogo iliyokuambia, "Usitume huo ujumbe," na wewe ukautuma.

Zoezi lake ni jepesi. Ita hisia kwa jina lake. Usiseme, "Niko vibaya." Sema, "Hii ni aibu." "Huu ni wivu." "Hii ni hofu, iko kifuani, inakaza." Usiseme, "Yule ni mshenzi." Sema, "Amepita bila kunisalimia, na nimeumia." La kwanza ni hukumu, la pili ni habari. Wengi wetu tuna neno moja tu, hasira, na ndani yake tumefungasha huzuni, fedheha, njaa na usingizi.

Fungu la pili ni kustahimili. Hili ni la wakati nyumba inawaka. Usiku ule mimi sikuhitaji mawaidha, nilihitaji dakika kumi bila kuvunja kitu. Hatua ni hizi. Simama, usisogeze hata kidole. Rudi nyuma hatua moja, toka chumbani ikibidi. Tazama: nini kimetokea, nini kinaendelea mwilini? Kisha endelea kwa akili, ukijiuliza, "Nikifanya ninachotaka kufanya sasa hivi, kesho asubuhi nitakuwa wapi?"

Kama mwili umeshawaka kiasi kwamba akili haisikii, anza na mwili. Tia maji baridi usoni, au uinamishe uso kwenye beseni la maji baridi huku umezuia pumzi, kama nusu dakika. Mwili una mpango wake wa asili wa kupunguza mapigo ya moyo uso unapozama kwenye baridi. Lakini kama una ugonjwa wa moyo, au unatumia dawa zake, hilo usilifanye kabla ya kumuuliza daktari. Au chosha mwili: panda ngazi mbio, ruka kamba, piga push-up mpaka mikono itetemeke. Au pumua polepole: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika kadhaa. Pumzi inayotoka iwe ndefu kuliko inayoingia. Au kaza misuli ya mikono huku ukivuta pumzi, kisha iachie unapotoa.

Mnaona, hayo si mageni sana kwetu. Tangu madrasa tumefunzwa, ukikasirika nawe umesimama, kaa chini, na ukiwa umekaa, lala. Maana yake nini? Mwili kwanza. Mtu aliyelala chali hawezi kurusha ngumi. Na zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi aliandika kitabu kuhusu kuutunza mwili na nafsi, akazungumzia hasira, hofu na huzuni kama mambo yenye tiba. Alishauri mtu ajiwekee fikra njema akiwa mzima, kama anavyoweka dawa nyumbani, azitumie siku ya dhiki. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kutibu nafsi ni mambo ya Wazungu, mwambie akasome.

Katika fungu hili kuna jambo gumu zaidi: kulikubali lililokwisha kutokea. Msiniwahi hapo. Kukubali si kuridhia. Nikisema nimekubali kwamba nilipigwa kofi, sisemi kofi lilikuwa halali. Nasema limetokea, na hakuna nitakachofanya usiku wa leo kulirudisha nyuma. Miezi mingapi nilipigana nalo kichwani! Kila usiku nilirudi pale kizuizini, kila usiku nilimjibu yule askari majibu makali, na kila asubuhi nilikuwa nimechoka na yeye hana habari. Siku nilipokubali kwamba limetokea ndipo nilipopata nguvu ya kuuliza, "Sasa nifanye nini?"

Fungu la tatu ni kuzimudu hisia zenyewe, si siku ya moto tu bali kila siku. Kwanza, kagua ukweli. Hisia huja na hadithi yake. Umetuma ujumbe, umesomwa, hujajibiwa. Hadithi inasema, "Amenidharau." Ukweli ni kwamba umesomwa na hujajibiwa, basi. Mengine umeyapika mwenyewe. Jiulize: nimeona nini kwa macho, na nimeongeza nini?

Ukikagua na kuona hisia haikulingana na ukweli, au kuifuata hakutakusaidia, fanya kinyume chake. Huzuni inakuambia jifungie. Toka, hata kama ni kwenda dukani kununua chumvi. Hofu ya kwenda kwenye usaili wa kazi inakuambia kaa nyumbani, nenda. Hasira kwa ndugu yako kwa jambo la sahani inakuambia mfokee. Ondoka kidogo kwa upole, kisha urudi na neno zuri. Usifanye nusu nusu. Ukienda harusini ukakaa pembeni na simu, hujatoka, umehamisha chumba tu.

Lakini, na hapa ndipo wengi hukosea, hisia ikilingana na ukweli huifanyii kinyume. Unatatua shida. Kama umedhulumiwa kweli, dawa si kujifanya huna hasira. Dawa ni kuipa hasira kazi. Leo nikisimamishwa, najua la kufanya: pumzi ndefu, mikono ionekane, macho yasome. Nambari ya huduma, namba ya gari, mahali, saa, nani alikuwepo. Nikifika salama naandika yote kabla ya kulala. Kesho yake kuna mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, inayopokea malalamiko, na kuna mawakili na watetezi wa haki. Hasira iliyotulia ina kumbukumbu. Hasira iliyolipuka haina ushahidi.

Na usisahau tumbo na usingizi. Mtu mwenye njaa, asiyelala, mgonjwa asiyekunywa dawa, huyo hisia humpata mlango wazi. Nitasema kuhusu muguka, bangi na vidonge, na mnivumilie. Mnavitumia kwa sababu vinasaidia, kwa saa moja. Sikatai. Lakini baada ya saa hiyo usingizi umekwenda, pesa imekwenda, na hisia iko pale pale, imeongeza nguvu. Umekopa utulivu kwa riba. Na riba nyinyi mnajua hukumu yake.

Fungu la nne ni kuishi na watu. Hisia nyingi kali huanzia kwenye kuomba, kukataa, au kunyamaza. Tuchukue mfano. Unataka kusomea ufundi wa umeme, na baba anataka uingie dukani. Kila mkizungumza, mlango unabamizwa. Jaribu hivi. Eleza hali bila kulaumu: "Baba, shikamoo. Nimepata nafasi chuoni, masomo yanaanza mwezi ujao." Sema unavyohisi: "Nina wasiwasi kwamba nikiikosa sitaipata tena." Omba wazi, usimwachie akisie: "Naomba uniruhusu nisome asubuhi, na jioni nije dukani." Onyesha faida kwake pia: "Nikihitimu, umeme wa duka hutamlipa mtu tena." Akikasirika, usifuate kona anazokupeleka. Rudia ombi lako kwa sauti ile ile. Akikataa, muulize, "Baba, wewe unaona tufanyeje?" Huenda akakataa bado. Lakini utakuwa umesema ulichotaka, na heshima yake na yako zimebaki. Kisha ungoje, uombe tena siku nyingine.

Mwenzako anapokuambia amechoka

Sasa niseme zito, na naomba simu tuziweke chini kwa dakika mbili.

Kuna mtu miongoni mwetu ambaye hisia zimemfikisha mahali anafikiri kuondoka duniani. Sijui ni nani. Pengine ni wewe. Sisi hatupendi kulitaja jambo hili. Tunakimbilia kusema ni haramu, na tunadhani tumemaliza kazi. Ndugu yangu, anayejua hilo zaidi kuliko wewe ni yeye. Ndiyo maana ananyamaza. Akijua kwamba akifungua mdomo atapigwa hukumu, atabaki na maumivu yake peke yake, na peke yake ndiyo mahali pa hatari.

Kwa miaka mingi hata sheria ya nchi yetu ilimnyamazisha. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu anaokolewa, anaamka hospitalini, na anakabiliwa na mashtaka. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mwenye maumivu ni mgonjwa anayestahili huduma. Tuwe na huruma angalau kama ya mahakama.

Kwa hiyo mwenzako akisema, "Nimechoka na haya maisha," usicheke, na usitoe hotuba. Muulize moja kwa moja, kwa upole: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Humwonyesha kwamba kuna mtu anaweza kulisikia. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Mwondolee karibu kitu alichopanga kujidhuru nacho. Mwite mtu mzima mnayemwamini, mpelekeni hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Na siri hiyo usiiweke, hata kama amekuapisha. Afadhali akununie akiwa hai. Kuna nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ya msaada wa kisaikolojia. Kwa mtoto kuna 116.

Na wewe ambaye ni wewe: nakuomba usiku huu umwambie mtu mmoja. Mmoja tu. Hisia ni kama maji ya bahari, hujaa na hupwa. Ikiwa imejaa unaapa kwamba haitapwa. Hupwa. Kazi yako usiku wa maji kujaa si kutatua maisha yako yote. Ni kufika asubuhi.

Jinsi ya kumpokea mtu

Wengine mtasema, "Mimi sina hisia kali, nitafanya nini na haya yote?" Wewe ndiye tunayekuhitaji zaidi. Wewe unaweza kuwa mtu anayepokea. Kupokea si kukubaliana na kila kitu. Ni kusema, "Naona imekuuma, na naelewa kwa nini." Kabla ya ushauri. Kabla ya aya. Kabla ya, "Lakini na wewe..." Mamangu, ule usiku wa mkono, hakunigombeza. Alinikalisha, akaufunga mkono kwa leso yake, akauliza, "Nani amekuumiza huko nje?" Hakuuliza nani ameumiza ukuta. Hapo nikalia, mwanamume mzima. Na mdogo wangu akaona, akajua kumbe halikuwa jambo la sahani.

Nawaachia kazi ya wiki moja. Fungua mahali pa kuandikia kwenye simu yako. Kila usiku kabla ya kulala andika vitu vinne: hisia gani ilikuwa kali leo, kutoka sifuri hadi tano ilifika ngapi, nini kiliiwasha, ulifanya nini. Usijisifu, usijilaumu. Andika tu. Baada ya siku saba, soma. Utaona kitu ambacho hujawahi kukiona, kwamba mlipuko wako una njia unayopitia. Mimi niligundua kwamba siku zote ninazolipuka nimelala chini ya saa tano na sijala mchana. Ukiijua njia, unaweza kuikata kabla haijafika ukutani.

Utashindwa siku nyingine. Mimi bado nashindwa. Mwezi uliopita nilifunga mlango kwa kishindo mpaka picha ikaanguka. Nikaokota picha, nikaomba msamaha, nikaandika, nikaendelea. Na kama umejaribu haya na bado hisia zinakutawala, hujafeli. Unahitaji mtu aliyesomea, kama vile jino likiuma hupigi mswaki tu, unamwona daktari.

Ile alama ukutani bado iko. Tumepaka rangi mara mbili, lakini ukiijua utaiona. Mdogo wangu sasa ni mkubwa kunishinda kimo. Juzi tulisimamishwa pamoja, kwenye kizuizi kingine. Nilimsikia akivuta pumzi, kwa hesabu ya nne, akaitoa kwa hesabu ya sita. Sikujua kama alikuwa akinitazama miaka yote hii. Tulipoachiwa twende, akanigeukia akasema, "Kaka, namba ya gari nimeishika."

Allah atupe nafsi zilizotulia na ndimi za kusema haki. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.